Cheni Inayogonga

Tarehe 6 Februari

Shemeji Kitinda,

Barua hii ikikufikia, ujue anwani yako nimeipata kwa yule dereva wa lori la vitambaa uliyesoma naye. Usimlaumu. Nilimganda kama ruba mpaka akaitoa, na hata hapo aliniapisha nisiseme, nami nimesema kwenye mstari wa kwanza.

Huku tu wazima. Pilipili ametimiza miaka tisa na mdomo wake umelizidi jina. Juzi mwalimu aliniita shuleni kulalamika kwamba mtoto anamsahihisha hesabu ubaoni mbele ya darasa. Nikamuuliza, na huwa umekosea? Mwalimu akatazama dirishani. Ana meno ya baba yake, na anapokasirika ananyamaza kama wewe.

Mama mwili wake una nguvu, ila kumbukumbu zinamchezea. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Siku nyingine anaandika chai ya watu watano mezani na sisi tuko watatu. Simwambii kitu. Nakunywa vikombe viwili, Pilipili anakunywa viwili, mambo yanakwisha.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Zahanati imeniongezea eneo. Wajawazito wangu wengine sasa wako ng'ambo ya daraja na kwa miguu siwafikii, nikifika mtoto keshazaliwa na ananisubiri yeye. Kwa hiyo nimefungua stoo nikaitoa pikipiki. Najua hapa utaiweka barua chini kidogo. Ilikaa miaka sita chini ya turubai na injini ikawaka siku ya pili. Magurudumu ndiyo hayakufaa, yote mawili yalikuwa yamepinda, unajua kwa nini. Zahanati walikuwa na pikipiki iliyokufa injini, wakanipa ya kwao, na jirani yetu Fundi Miwani akayafunga.

Tangu hapo cheni inagonga. Ta, ta, ta, kwenye kava lake, hasa nikipunguza mwendo. Fundi Miwani anasema ikazwe mpaka ilie. Yule fundi wa kona anasema iachwe, itazoea. Miwani mwenyewe macho yamekwisha, nati anazitafuta kwa kupapasa. Aliye hai anayeijua pikipiki hii vizuri ni wewe. Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, namna ya kurekebisha cheni baada ya kubadilisha magurudumu. Spana zote ziko ukutani karakana kama wewe na kaka yako mlivyozitundika.

Kuna jambo jingine, dogo. Siku ya kwanza nilipoingia nayo uani, saa kumi jioni, Mama alikuwa ameketi barazani anakunja nguo. Aliinua kichwa akasema, "Amefika." Akaenda jikoni kuchota maji ya moto kwenye beseni.

Shemeji yako,
Mama Pilipili


Tarehe 1 Machi

Kwako Shemeji, Mama Pilipili,

Barua yako nimetembea nayo mfukoni wiki mbili. Dereva sijamlaumu, nimemnunia tu. Nashukuru kusikia mnaendelea. Huyo mtoto mwambieni mwalimu ni mtu mwenye familia, amwachie nafasi ya kukosea.

Mimi nipo kwenye kiwanda cha kushona sare. Ukumbi mmoja mrefu, vyerehani sitini, na mimi ndiye fundi wake. Kazi yangu kubwa ni mikanda. Ukilegea unateleza, ukikaza sana unaua beringi. Nakaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda, kina dirisha na ndoo. Simu sina, na nikiwa nayo siipendi. Kwenye simu mtu anasikia hata unavyonyamaza.

Kuhusu cheni. Isimamishe kwenye stendi kubwa, toa gia, gurudumu la nyuma lielee. Kabla ya yote tazama sproketi iliyokuja na gurudumu jipya, lile gurudumu dogo la meno. Yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, usihangaike, tafuta nyingine. Yakiwa mazima, endelea.

Zungusha gurudumu polepole kwa mkono, na kidole cha mkono wa pili kiwe kinabonyeza cheni kwa chini, katikati ya meno ya mbele na ya nyuma. Cheni iliyotumika hailegei sawasawa. Kuna mahali imevutika na mahali bado ngumu. Tafuta pale inapokaza kuliko pote, simama hapo, pima hapo. Iwe inapanda na kushuka upana wa vidole viwili, vyako wewe, si vya Miwani.

Legeza nati kubwa ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, lakini usiitoe. Kila upande wa gurudumu kuna skrubu ndogo ya kulivuta nyuma. Robo mzunguko kulia, robo kushoto, hivyo hivyo, usimalize upande mmoja kwanza. Kwenye chuma kuna mistari. Ya kulia na ya kushoto ilingane, la sivyo gurudumu litakaa mshazari na cheni itatafuna meno. Ukimaliza kaza nati kwa uzito wako wote, kisha pima tena, maana nati ikikazwa huivuta cheni. Tia pini mpya kwenye nati uikunje miguu. Halafu breki ya nyuma. Gurudumu limerudi nyuma, kwa hiyo na breki imebadilika, irekebishe kabla hujatoka.

Mwisho kabisa mwambie mtu mzima akae juu, upime tena. Mtu akikaa cheni inakaza zaidi. Ndiyo maana haikazwi mpaka ilie, itakatika. Ikilegea nayo si nzuri.

Unasema Mama aliinua kichwa. Alitambua injini, au alitambua huko kugonga? Nijibu hilo kwanza.

Mimi,
Kitinda


Tarehe 20 Machi

Shemeji,

Tumefurahi mno na mwandiko wako. Pilipili ameisoma barua kwa sauti na kila ulipoandika "robo" alizungusha mkono hewani. Anasema anataka kuwa fundi. Nimemwambia amalize kwanza kumfundisha mwalimu wake.

Umeuliza, nami nikajaribu. Nilimwomba Fundi Miwani aiwashe pale pale uani bila kuondoka. Mama hakushughulika, aliendelea kuchambua nyuzi. Kisha nikaizima nikaisukuma kwa miguu kutoka getini, cheni ikawa inagonga bila injini. Akainuka akasema, "Huyo." Kwa hiyo ni cheni. Sijui kwa nini umetaka kujua.

Bado sijaikaza.

Usinicheke. Kila jioni nikiingia, yeye anakuwa keshaweka beseni la maji ya moto, sabuni ya kufulia na ile brashi ya kusugulia mikono yenye mafuta. Taulo begani. Navua kofia ngumu, ananitazama, ananipungia mkono nipite, na macho yake yanabaki getini. Anasema, "Anaegesha." Anasimama hapo. Maji yanapoa, namwaga mimi. Kesho yake anafanya vile vile na uso wake umechangamka kama mtu aliyeahidiwa kitu. Miaka sita sijamwona na uso ule. Nikiikaza, nitakuwa nimemzika mtoto wake mara ya pili kwa spana namba kumi na saba.

Na nikuambie yote. Siku moja nilichelewa makusudi kuvua kofia. Nilikaa juu ya pikipiki, nimempa mgongo, nikamwacha anitazame. Dakika moja hivi. Nilihisi vibaya baadaye, lakini wakati ule ule nilihisi vizuri.

Kitu kingine. Fundi Miwani alipokuwa anafunga gurudumu alipapasa mkono ule wa chuma unaoshika ekseli, akanishika kidole akakipitisha. Kuna mahali pamechimbika, kama pameng'atwa. Akasema, "Hapa cheni iliingia ikakwama. Gurudumu likafunga." Nikamwambia ilikuwa utelezi, siku ile ilinyesha manyunyu. Akasema sawa, ila utelezi hauchimbi chuma.

Wewe ndiye uliyeileta nyumbani pikipiki siku ile. Wewe ndiye uliyetuambia utelezi.

Mama Pilipili


Tarehe 15 Mei

Shemeji,

Karibu miezi miwili sijapata jibu. Dereva ananiambia barua alikukabidhi mkononi.

Sisi wazima. Mama anasalimu, yaani angesalimu.

Juzi cheni ilitoka. Ilikuwa barabara ya tambarare, saa tano asubuhi, sikuwa nakwenda kasi. Ilichomoka ikaburuta chini, nikayumba nikaanguka upande wa nyasi. Kiwiko kimechunika na goti limevimba kidogo. Nilisukuma mpaka zahanati, nikamzalisha mtu kwa mkono mmoja na nusu, nikarudi kwa miguu. Cheni imerudishwa, na bado inagonga.

Sikuandikii nikutishe. Nakuandikia kwa sababu nilipokuwa chini pale kwenye nyasi, nikiitazama ile cheni, nilifikiri ungekuwa na kitu cha kuniambia.

Mama Pilipili


Tarehe 28 Mei

Shemeji,

Usipande tena hiyo pikipiki. Ukisoma hapa, simama, nenda kwa Miwani, ikazwe leo. Mama nitamjibu mimi. Beseni, taulo, hayo yote nitayajibu mimi siku nikiulizwa. Ikazwe kwanza, ndipo urudi uendelee kusoma.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Huku ukumbini kuna cherehani cha mstari wa tatu ambacho mkanda wake una kiungo. Kila kiungo kikipita kwenye puli kinagonga. Mkanda nimeubadilisha mara nne, na bado nikikaa karibu nacho nausikia. Fundi mshonaji wake ananiambia hasikii kitu. Mwisho nimemhamisha yule mama mstari mwingine na cherehani nimekifunika. Nakisikia kikiwa kimefunikwa.

Unakumbuka kaka alivyonisema siku ile mbele ya watu. Mteja alirudi na pikipiki ambayo nati moja ya gurudumu nilikuwa sijaikaza. Kosa langu, sibishi. Lakini karakana ilikuwa imejaa, na yeye akanifungulisha kazi yote tangu mwanzo, nikaifunga upya huku watu wamekunja mikono wakitazama, na akawaambia, "Mtamsamehe, huyu bado anajifunza." Nilikuwa na miaka kumi na moja kazini. Wengine walicheka. Wewe ulikuwa mlangoni na sahani, ukarudi ndani.

Jumatatu iliyofuata aliniambia nimbadilishie gurudumu la nyuma la pikipiki yake. Nilibadilisha. Ekseli niliipitisha, nati niliikaza, pini nilitia, breki niliirekebisha. Cheni sikuigusa. Gurudumu jipya lilikaa mbele kidogo kuliko la zamani, cheni ikabaki inaning'inia. Niliiona, Shemeji. Niliipima kabisa kwa kidole, ilipanda karibu kiganja kizima. Nikasema moyoni, kama mimi bado ninajifunza, basi mwalimu atamalizia. Nikanawa mikono.

Alitoka nayo uani inagonga. Nilikuwa nimeinamia kazi nyingine na sikuinua kichwa. Jioni alirudi, akaiegesha mbele yangu pale pale nilipokaa, akaigonga cheni kwa ncha ya kiatu, akanitazama. Nikaendelea na kazi. Jumanne hivyo hivyo. Angeweza kuikaza mwenyewe kwa dakika kumi, mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Alikuwa anasubiri nimalize kazi yangu. Mimi nilikuwa nasubiri aniombe. Siku tatu hatukusemeshana zaidi ya "nipe spana."

Jumatano alitoka na wewe saa nane. Mengine unayajua.

Mimi nilifika kwenye mteremko kabla ya watu wengi. Yeye walikuwa wamekwishampeleka. Pikipiki ilikuwa imelala kando ya ukingo wa kalvati. Cheni ilikuwa imeruka meno ya nyuma ikajisokota kati ya sproketi na chuma, gurudumu limefunga halisogei. Niliing'oa kwa bisibisi. Nikairudisha kwenye meno, nikaifuta, na hapo hapo barabarani, Shemeji, nikaikaza. Vidole viwili. Nikaipakia, nikaja nikawaambia utelezi.

Ndiyo maana nilikuuliza ni sauti gani. Mama anaikumbuka sauti ya siku tatu tu, na sauti hiyo niliitengeneza mimi.

Nilikaa matanga mpaka siku ya mwisho kisha nikaondoka, na wewe ulinisindikiza hadi njiani ukanipa sweta lake. Ninalo. Sijalivaa.

Sikuombi kitu. Kama hutaniandikia tena nitaelewa.

Kitinda


Tarehe 2 Julai

Shemeji,

Pilipili alikuwa na homa wiki mbili, sasa amepona na kelele zimerudi. Mama mzima. Fundi Miwani amepata miwani mipya na amegundua kwamba karakana yake ni chafu.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Nikaiweka chini ya godoro siku nyingi. Kuna siku nilikuwa na hasira nawe mpaka nikashindwa kula. Ningekudanganya nikikuficha hilo. Nilikuwa nikipita karakana nafunga mlango wake kwa mguu. Halafu nikawa na hasira naye pia, yeye na kile kiatu chake. Mwanamume mzima, siku tatu, anagonga cheni kwa kiatu.

Sasa nisikilize na mimi.

Jumatano ile nilikuwa nimeitwa kwa mama mmoja ng'ambo ya daraja, uzazi wa kwanza, maji yamekwishatoka. Nilikaa nyuma ya kaka yako na mfuko wangu mapajani. Cheni iligonga njia nzima, naisikia mpaka kwenye nyayo. Tulipofika juu ya mteremko alipunguza mwendo, akageuza kichwa akasema, "Nisimame niikaze? Dakika kumi tu, spana ninayo."

Nikamwambia, "Twende. Kuna mtu anasubiri."

Akasema sawa. Tukashuka salama. Alinishusha mlangoni, akaniuliza anirudie saa ngapi, nikamjibu bila kumtazama kwa sababu nilikuwa tayari nasikiliza sauti za ndani. Alirudi kwa njia ile ile peke yake. Mtoto alizaliwa saa tisa na robo, wa kike, akalia vizuri. Nilikuwa nimembeba walipokuja kuniita.

Mtoto huyo sasa ana miaka sita. Namwona kila nikipita kule. Mama yake humtuma anisalimie, naye huja mbio ananishika mkono, na mimi huhesabu dakika kumi. Kila mara. Namtazama usoni na kuhesabu kama dakika kumi zingemdhuru. Zisingemdhuru. Alichukua saa nzima kuja.

Miaka sita nimekaa kimya, na wewe ulipoondoka nilifurahi kidogo, kwa sababu wewe ndiye ungeniuliza njiani alikuwa anasemaje.

Na ugomvi wenu niliuona. Nilikuwa nawaandalia chakula mmepeana migongo. Nilisema ni wanaume, watamalizana.

Kwa hiyo tuliisikia sote. Wewe, mimi, na yeye mwenyewe. Sijui nikifanye nini kitu hicho. Nimekuandikia tu usikibebe kana kwamba ulikuwa peke yako pale uani.

Cheni nimeikaza. Ilikuwa siku ile ile uliyosema, kabla sijamaliza kusoma. Nilifanya mwenyewe, Miwani akakaa juu. Robo kulia, robo kushoto. Nati nilipoikaza mara ya mwisho nilikuwa nalia, na yule mzee akajifanya anasafisha miwani.

Jioni yake niliingia uani. Pikipiki inateleza kama maji, unasikia injini tu. Mama alikuwa barazani na hakuinua kichwa. Nimekuwa mtu anayeingia nyumbani kwake bila kusikika. Siku ya kwanza, ya pili, hakuweka beseni. Siku ya tatu aliniuliza, "Yule kijana ameenda wapi?"

Nikamwambia yuko safarini, atarudi. Sikumwambia ni yupi.

Njoo, Shemeji. Mlango wa karakana nimeufungua.

Mama Pilipili


Tarehe 21 Septemba

Shemeji,

Nimefika salama huku kiwandani. Basi liliharibika njiani mara moja, na abiria walipojua mimi ni fundi nilishushwa kwa heshima zote na kurudishwa kwenye kiti nikiwa mweusi mpaka masikioni. Mwambie Pilipili kile kitabu chake cha hesabu nimekikuta kwenye begi langu, na maswali aliyoniandikia nitayajibu yote, ingawa la saba silielewi.

Nashukuru kwa siku zile tisa. Uliniuliza pale kituoni mbona siku mbili za mwisho nilikuwa mkimya, nikasema uchovu. Haukuwa uchovu. Kuna jambo nilishindwa kulisema tukitazamana.

Ilikuwa Alhamisi, wewe umetoka asubuhi na mfuko wako na Pilipili yuko shuleni. Nilikuwa karakana nazisugua zile spana kutu. Unakumbuka tangu nifike Mama alikuwa ananitazama kama mgeni mwenye adabu. Ananikaribisha chai, ananiuliza kwetu wapi. Nilishakubali kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Basi alikuja akasimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake. Akaniita kwa jina la kaka.

Niliendelea kusugua. Akaita tena. Shemeji, nikaitika.

Akaingia akaketi juu ya lile rundo la matairi. Akanitazama nikifanya kazi kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ile yake ya zamani ya kutupatanisha, "Mdogo wako ameondoka kwa hasira. Ulimsema mbele za watu."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Akirudi usimgombeze."

Nikamwambia, "Simgombezi."

"Hata kama amekosa."

"Hata kama amekosa, Mama. Simgombezi."

Akaniambia nisogee. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, mikono yangu nimeiweka nyuma kwa sababu ya mafuta. Akanishika kichwa, akapekua nywele nyuma ya sikio la kushoto. Wewe uliyemwosha kaka kabla hatujamzika unajua Mama alikuwa anatafuta nini pale. Alipapasa taratibu kwa vidole viwili, akarudia, kisha akasema, "Pamepona." Akainuka, akaenda kuanua nguo.

Nilibaki pale sakafuni mpaka niliposikia watoto wanatoka shule. Sijui kama nilitenda haki kujibu kwa jina ambalo si langu na kumpa ahadi ambayo haikuwa yangu kuitoa. Nimejiuliza njia nzima. Kama nilikosea, wewe ndiye mwenye haki ya kuniambia.

Nimeshazungumza na msimamizi wa kiwanda. Namalizia miezi miwili, mtu wa kushika nafasi yangu anajifunza, kisha narudi huko na mizigo yangu, ambayo ni begi na ndoo.

Ijumaa asubuhi, wakati unamfunga Pilipili viatu, Mama alinitambua. Wewe hukusikia, alisema polepole. Aliniita Kitinda. Akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Akaniuliza kama nimeonana na kaka yangu.

Nikamwambia tumeonana.

Wako,
Kitinda